Mtihani wa Maalim Diriye

Mume wangu Maalim Diriye hajui kukama ngamia, hajui kufunga mzigo, na kiatu chake cha kushoto namtafutia mimi kila alfajiri, mwaka wa ishirini na sita huu. Anachojua ni Qurani, kuosha maiti, na kunywa chai ya sukari nyingi. Nawaambieni mapema mjue ni mtu wa namna gani waliyetaka kumpiga risasi.

Vita vya koo zetu mbili, Reer Gedi na Reer Shirwa, vilianzia kisimani, vikaendelea kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kuviacha. Reer Gedi wako upande huu wa korongo kavu, Reer Shirwa upande ule. Mimi nimezaliwa ule, nimeolewa huu, kwa hiyo nilikuwa na watu wa kulilia pande zote mbili. Sasa, kwetu wapo ambao mkuki hauwagusi, hata vita viwake vipi: wanawake, watoto, wagonjwa, wageni, na watu wa dini. Basi Maalim alikuwa akivuka korongo na kilemba chake cheupe, anazika kule, anazika huku, halafu anarudi kunilalamikia kwamba chai ya kule nyepesi.

Wanaume wa upande huu wakaliona hilo, wakalitafakari. Wa kwanza kugeuka sheikh alikuwa Awale muuza mirungu, mtu ambaye msikitini haonekani hata Idi. Akajifunga shuka la mkewe kichwani, akavuka kwenda kuona ngamia wake waliobaki kule, akarudi mzima. Wiki haikuisha tukawa na masheikh kumi na mmoja. Mmoja tasbihi yake ilikuwa shanga za binti yake, za rangi ya waridi.

Mkubwa wa wapiganaji wa kule ni mdogo wangu, Gurhan. Si mwerevu sana, lakini kuhesabu anajua. Kijiji chenye msikiti mmoja kimewatoa wapi masheikh wote hawa? Akaweka mtihani kwenye kizuizi chao cha njia, swali moja tu: sala ya maiti ina rukuu ngapi, yaani watu huinama mara ngapi? Atakayekosa ni mpelelezi, na mpelelezi anapigwa risasi. Tatizo ni kwamba jibu hakulijua hata yeye. Akamwuliza sheikh wa kwanza aliyepita, naye alikuwa Awale. Awale akakohoa, akasema mbili. Gurhan akaandika mbili kwa mkaa kwenye kitako cha bunduki. Awale akawanong'oneza wenzake, na wote wakafaulu.

Jumatano Maalim akavuka kwenda kumwosha mzee mmoja wa kule. Haukupita muda Awale akanijia mbio kutoka kule, shuka limemfunguka.

"Dada Ebla, Maalim kafeli."

"Kafeli nini?"

"Mtihani. Kasema hakuna rukuu hata moja."

"Si ndivyo? Hakuna hata moja."

Awale akanikodolea macho. "Kumbe hakuna?"

Nilivuka korongo na unga wa mikate ya anjero mpaka viwikoni, Awale nyuma yangu. Niliogopa, sitaki kuwaficha. Nikamkuta Maalim kafungwa kwenye mgunga, kiatu kimoja mguuni, kilemba kimemfunika jicho.

"Ebla," akasema, "mzee wa watu hajaoshwa mpaka sasa, na jua limekuwa kali."

Nikamgeukia Gurhan. "Mfungue shemeji yako."

"Dada, shemeji ni shemeji, mtihani ni mtihani. Masheikh kumi na mmoja wamesema mbili. Huyu peke yake anasema hakuna. Nani kakosa?"

"Wewe chuo cha Qurani ulisoma kwa nani?"

"Kwake."

"Ukatoroka umefika sura gani?"

Akaanza kukwangua kitako cha bunduki kwa ukucha. Wapiganaji wake wakawa wanatazama chini.

"Haya. Siku mliyomsalia baba, ulirudi nyumbani paji la uso limevimba. Kwa nini?"

"Niligonga fimbo ya ami Samatar, aliyekuwa mbele yangu. Nilikuwa narukuu."

"Na wengine?"

Alifikiri sana. "Wengine walisimama," akasema polepole. "Wote walisimama."

Mpiganaji mmoja akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka bunduki chini. Maalim akafunguliwa. Nikashukuru moyoni, nikidhani yamekwisha.

Hayakwisha. Gurhan alikuwa ameaibika. "Basi wale kumi na mmoja wamenichezea," akasema. "Maalim, nitajie nani si sheikh. Tuanze na huyu." Akamwelekezea Awale bunduki.

Maalim alikuwa anajisugua vifundo vya mikono. Huyu ni mtu ambaye nikimwuliza kama nimenenepa, hunijibu ukweli mtupu.

"Wote ni wanafunzi wangu," akasema. "Watu wa dini wote. Sala ya maiti tu ndiyo hatujaifikia."

"Hata Awale?"

"Awale hasa. Kichwa chake kizito, ndiyo maana nahangaika naye."

Gurhan akashusha bunduki, na Maalim akaenda kumwosha mzee wake. Tuliporudi nyumbani chai yake hakuigusa.

"Ebla, nimesema uongo."

"Umesema."

"Utakuwa uongo wasiposoma. Kwa hiyo watasoma."

Tangu hapo wanaume kumi na mmoja wenye ndevu wanachuchumaa uani kwangu kila asubuhi, mbao za kuandikia Qurani mapajani, wanapiga kelele za alifu na bee na kumaliza anjero yangu. Kwetu amebaki nani wa kushika bunduki? Na kule wakabaki hawana wa kumpiga, maana kila wanayemlenga ana ubao mkononi.

Jumamosi iliyopita akaja wa kumi na mbili. Aliegemeza bunduki nje ya ua. Kilemba alikuwa amekifunga ovyo, na machoni hakunitazama.

"Dada," akasema Gurhan, "nikae wapi?"

Nikamwambia akae palepale alipotorokea, kwenye Tabbat, sura ya aya tano tu. Maalim akamsogezea ubao.