Siku Tuliyoatamia Mayai ya Hajati

Vyumba vyote nilivyopanga Kampala navikumbuka kwa giza la kila kimoja. Cha Kabalagala kilikuwa na giza lenye muziki, kwa sababu baa ya chini ilikuwa na jenereta na mimi sikuwa nayo. Nilioga bila kuona sabuni huku kiuno kikicheza chenyewe. Cha nyuma ya soko la Kikuubo, enzi nilipoanza kununua zipu na vifungo kwa jumla nikauze Mbale na Soroti, kilikuwa na giza linalonuka mishumaa na samaki wakavu. Nimehama mara nyingi. Mama yangu, kule Nakuru, alikuwa akisema nyayo zangu zilipakwa pilipili siku niliyozaliwa.

Kila nilikohamia, kitu kimoja hakikubadilika: kelele. Umeme ukikatika, mtaa mzima uliguna kama mtu mmoja aliyekanyagwa kidole. Ukirudi, ilipigwa vigelegele kama bibi harusi ameshuka garini. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kupitwa na habari, hakuna aliyezima chochote. Taa, redio, pasi, vyote viliachwa vimewashwa, ili vyenyewe vitutangazie kwamba umeme umerudi. Hivyo ndivyo nilivyojua kuishi, na sikujua kwamba nitakuja kuikumbuka kero hiyo kwa mapenzi.

Kisha nikahamia Ntinda, kwa Hajati.

Hajati ni Mnubi, mjane, mjukuu wa askari aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudan. Vyumba vyake vinazunguka ua mmoja wenye bomba la maji katikati. Kimoja alikaa Nnalongo, mama wa mapacha, fundi wa kushona magomesi, yale magauni ya Kiganda yenye mabega yaliyochongoka. Kingine alikaa polisi mmoja mwenye mwili mkubwa, ambaye sote tulimwita Afande. Cha tatu changu. Na katika stoo, kando ya jiko, palikuwa na mashine ya kuangulia vifaranga, yenye mlango wa kioo na balbu ndani, ambayo Hajati aliinunua ili aanze kufuga kuku.

Mayai ya kwanza yalikufa yote. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi kesho yake, na hakuna lililoanguliwa. Hajati aliyafukia mwenyewe nyuma ya choo, na kwa muda mrefu hakumtania mtu, jambo lililotutisha kuliko kama angetugombeza. Halafu akauza bangili zake za dhahabu, akapandisha sola juu ya bati, akaweka betri na inveta sebuleni kwake. Ua mzima ukaunganishwa humo.

"Yakifa na haya," alituambia siku alipoweka mayai mapya, "ninauza mashine, ninauza sola, na nyinyi nawarudishia mshumaa. Mmesikia?"

"Tumesikia, Hajati."

Inveta ile ilikuwa na adabu ya ajabu. Umeme ukikatika, ilichukua kazi kabla balbu haijapepesa. Jirani zetu wa ng'ambo ya ukuta waliguna, sisi tukaendelea kutazama taarifa ya habari. Mwanzoni tuliwacheka. Baadaye hata miguno yao hatukuisikia tena, maana nao, mmoja baada ya mwingine, walipandisha sola. Mtaa ukanyamaza. Nilianza kuwashwa nyayo. Niliona kwamba mahali ambapo giza haliji ni mahali ambapo hutakumbuka chochote, nikamwambia Hajati kwamba Jumamosi napanda basi la mchana kwenda Gulu, nikaanze upya huko.

"Nenda," alisema. "Utarudi. Gulu pia wana sola."

Jumamosi hiyo Hajati aliondoka mapema kwenda mazishini Bombo. Mayai yalikuwa yamefikia siku za kuanguliwa. Ukiweka sikio kwenye kioo ulisikia kama mtu anakuna sahani. Mbingu ilikuwa nzito, rangi ya sufuria lisilosuguliwa. Nnalongo alikuwa na magomesi ya wasimamizi wa harusi, akawasha cherehani ya umeme na pasi kwa pamoja. Afande alikuwa na gwaride, naye hupiga pasi sare mpaka suruali iweze kusimama bila mtu. Mimi nilichemsha maji ya kuoga kwa birika la umeme, birika baada ya birika, maana nilitaka kuingia Gulu nikiwa msafi.

Hakuna aliyejua kwamba umeme ulikuwa umekatika tangu kabla ya chai.

Zamani tungejua sote kwa sekunde moja. Pasi ingepoa, Afande angetukana, mtaa ungeguna. Sasa tulikuwa tunanyonya betri kama ndama watatu kwenye chuchu moja, na jua halikuwepo la kuirudishia. Inveta ilipiga kelele ya onyo, lakini ilikuwa sebuleni, mlango umefungwa, na cherehani ya Nnalongo inanguruma. Hajati aliporudi na kufungua mlango wa ua, ndipo kila kitu kilipozimika kwa mpigo.

Alikwenda stoo moja kwa moja. Tulimfuata. Balbu ya mashine ilikuwa imekufa.

"Nani alikuwa anapiga pasi?" aliuliza, taratibu.

"Mimi, Hajati," alisema Nnalongo. "Banange, jamani, mimi hapana jua umeme umeenda!"

"Afande?"

"Shati moja tu, Hajati. Na suruali. Na... mashati ya wiki."

"Na wewe Mkenya, ulikuwa unachemsha mto Nile?"

Nilipendekeza tuyapashe joto kwa sigiri. Hajati alisema makaa yatayapika. Anataka vifaranga, hataki kiamshakinywa. Alifungua kioo, akaweka kiganja juu ya mayai, akakitoa haraka. Kisha akatutazama mmoja mmoja, kama anayechagua mbuzi mnadani.

"Kuku hana waya," alisema. "Ana mwili. Kaeni chini."

Ndivyo tulivyoketi kwenye mkeka wa jikoni, migongo ukutani, kila mmoja na mayai yake. Nnalongo aliyafunga kifuani kwa kanga, akatulia kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Hajati alijaza ya kwake ndani ya buibui. Afande alifungua vifungo vya sare iliyonyooshwa vizuri, akayapanga juu ya tumbo, akafunika kwa blanketi.

"Afande, leo umekuwa mama," alisema Nnalongo.

"Nyamaza. Moja linanikuna."

"Usicheke! Ukicheka linavunjika!"

Mimi nilipewa ya kwapani na ya tumboni, chini ya fulana, na amri ya kutotikisika. Nikatulia, mimi ambaye hata kanisani hukaa karibu na mlango. Mguu ulikufa ganzi. Saa ya basi ilifika, ikapita. Nilimwona akilini dereva akipiga honi na kiti changu kikichukuliwa na mtu na jogoo wake. Na ndipo, chini ya mbavu, kitu kiligonga. Kikanyamaza. Kikagonga tena, kwa hasira, kama mpangaji aliyefungiwa nje.

"Hajati," nilinong'ona, "kuna mtu anabisha hodi."

Hakucheka. Alikuja kwa magoti, akaweka sikio lake kwenye fulana yangu, akakaa hapo. "Mwambie karibu," alisema.

Jua lilikuwa linazama balbu ya stoo ilipowaka. Afande alisahau mayai, alisahau cheo, akafungua kinywa: "Umerudiiii!" Nnalongo akapiga vigelegele bila kusogeza kifua. Mimi pia nilipiga yowe, na koo langu lilikuwa limeikumbuka kazi hiyo miaka yote.

Si yote yaliyopona. Lakini asubuhi mashine ilijaa vifaranga vilivyolowa, vinavyokanyagana, na Hajati alisimama mbele ya kioo akivitania kimoja kimoja.

Jumatatu alimleta fundi, akatundika balbu moja juu ya bomba, iliyoungwa kwenye umeme wa nguzo peke yake. Haipitii kwenye sola. Ikizimika, sheria ya ua ni kwamba wa kwanza kuona apige kelele, na pasi zote zichomolewe. Afande ndiye mwenye sauti nzuri zaidi. Wageni humshangaa.

Begi langu nililifungua. Gulu haijaondoka mahali pake. Kifaranga changu, yule aliyebisha hodi, sasa ni jogoo, na kila jioni hutafutwa kwa jirani.