Miti ya Shimoni

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, niliposimama mlangoni mwa nyumba yangu mpya, nikamtazama mjane akipitishwa kwenye machela, nikanyamaza. Ngoja nikueleze vizuri, usije ukanidhania mtu mbaya. Nilikuwa tu kijana wa miaka ishirini na miwili aliyetaka kuoa.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya. Bonde letu liko katikati ya milima, upande ule Masisi inapopakana na Walikale, na tuliliita Kambi kwa sababu kampuni ya madini ilijenga kambi yake humo. Wazungu walichimba bati mle mlimani miaka mingi. Kisha wakafunga kazi, wakapakia mashine kwenye malori, wakaenda zao. Zikabaki nyumba za matofali, king'ora kisicholia, na sisi. Waliokuwa wachimbaji wakarudia jembe, wakalima maharagwe na mihogo juu ya mlima uleule waliokuwa wakiutoboa.

Nilikuwa nimemposa Furaha, binti wa kijiji cha Nyamitaba. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Alisema binti yake hatalala kibandani. "Jenga kwanza," akaniambia, "kisha njo tutaongea." Miti mizuri ilikuwa msituni, mwendo wa siku nzima. Lakini ndani ya shimo la zamani ilisimama miti migumu, mikavu, ya urefu mmoja, iliyowekwa enzi za kampuni ili udongo wa juu usianguke. Nikajiambia, kazi imekufa, hii miti ni ya nani tena? Nikang'oa kumi na mmoja. Nilijiona mjanja kwelikweli, maana nilikuwa naruka mmoja, nang'oa mmoja.

Nyumba ikasimama, watu wakaisifu, nami nikavimba kichwa.

Mvua kubwa zilipokuja, shamba la Mama Sifa, mjane aliyelima juu ya shimo lile, lilididimia yeye akiwa anapalilia. Udongo ulimfunika mpaka kiunoni. Walimtoa akiwa hai, mguu umevunjika, maharagwe yote yamekwenda chini. Huyo ndiye niliyemwona kwenye machela.

Kama watu wangesema ni mvua tu, labda ningezeeka na siri yangu. Lakini shemeji zake walikuwa wakililia shamba lile tangu mume wake afariki, nao wakapata la kusema. "Muntu hamezwi na udongo bure," walisema, "iko kitu alifanya. Ardhi imemukataa." Unajua maneno ya namna hiyo yanavyotembea. Kufikia siku ya tatu, wanawake waliokuwa wakichota maji pamoja naye walipita njia nyingine, na shemeji wakamwambia ajiandae kutoka, shambani na nyumbani.

Siku hiyohiyo Papa Matabaro akaja kwangu. Mzee huyu ndiye aliyekuwa fundi wa kusimamisha miti shimoni enzi za kampuni. Nilimpa kiti, hakuketi. Alizunguka nyumba polepole, kisha akapitisha kidole kwenye nguzo ya baraza, penye alama tatu za shoka.

"Hii alama ni ya mukono yangu," akasema.

"Papa, kazi ilishakufa. Kampuni ilienda."

"Kampuni ilienda. Na mulima, nayo ilienda?"

Nikaifunika alama ile kwa kiganja changu.

"Miye sitasema," akaendelea. "Utasema weye, kwa kinywa yako. Dimanche isipite."

"Na Furaha, Papa? Baba yake akisikia?"

"Furaha utamupoteza ao hutamupoteza, sijui. Lakini ule mama atapoteza kwake. Ile ninajua."

Zilikuwa siku nne mpaka Jumapili, mwanangu, nami nilizitumia zote. Ningeweza kusema jioni ileile. Nilijidanganya kwamba natafuta maneno mazuri, kumbe nilikuwa mwoga. Jumapili, baada ya ibada, nilisimama mbele ya watu, nikasema: "Ile miti ya shimo, miye njo niliing'oa. Ardhi haikumukataa Mama Sifa. Miye njo nilimuangusha."

Shemeji zake wakainuka wakaondoka, wala hawakumfukuza tena. Mama Sifa akabaki kwake, nami nikampa shamba langu, nikamlimia hadi alipoweza kushika jembe tena, akichechemea. Baba wa Furaha aliniletea ujumbe wa neno moja tu, hapana, akamwoza binti yake kwa dereva wa mji wa Sake. Nililia, sikufichi.

Hata hivyo, linaloniuma mpaka leo si hilo. Katika siku zile nne, shemeji walikuwa wamekwisha kumchukua binti mkubwa wa Mama Sifa, mwenye miaka tisa, wakampeleka kwa ndugu zao upande wa Mpofi, eti asilelewe na mama aliyekataliwa na ardhi. Nilipokwisha kusema ukweli, nilikwenda mwenyewe kumfuata. Mtoto alijificha nyuma ya mlango. "Sitaki," akaniambia, "ninamuogopa mama." Nilimweleza mara tatu, hakunisadiki. Alirudi Kambi akiwa mwanamke mzima, siku tulipomzika mama yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta kitu kimeachwa, usiulize tu kilikuwa cha nani. Uliza ni nani anayesimama juu yake leo. Na ukikosea, sema siku ileile, hata kama maneno ni mabovu, hata kama unagugumiza. Wakati wewe unayapanga maneno yako yapendeze, mwenzako anaumia mahali, na huenda kuna mtoto anayefundishwa kumwogopa mama yake.

Nenda salama. Mungu akupe nyumba ya jasho lako mwenyewe, akupe na moyo wa kusema mapema. Na watoto wako wakikuona unarudi, wakukimbilie.