Anataka na Kisiki

Yule baba hakuomba nimpunguzie bei, na hapo ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri.

Nimekata miti ya watu kuanzia Misigiri mpaka huku Iguguno, na sijawahi kupata mteja asiyesema, "Mama, punguza kidogo." Hata mchungaji wangu, siku nilipoangusha mwarobaini uliokuwa unaegemea paa la kanisa, alisema hivyo hivyo, tena mbele ya wazee wa kanisa. Sasa huyu nikamtajia bei ya kuangusha mkwaju shambani kwake, akaitikia tu, "Sawa, mama." Halafu akasema, "Njoo Jumapili, kwenye saa nne."

Nikamwambia Jumapili sikati, niko ibadani.

"Ndiyo vizuri," akasema. "Watu wote wanakuwa ibadani, hakuna wa kuangukiwa."

Tukakubaliana Jumatatu. Alipokuwa anawasha pikipiki yake aondoke akageuka, kama kitu kimemjia wakati huo huo. "Na kisiki nacho ning'olee. Pasibaki kitu."

Niseme ukweli, usiku ule niliomba na huku nawaza kisiki. Mtu wa kuni anataka matawi. Mtu wa mkaa anataka shina. Kisiki kinang'olewa na mtu anayejenga nyumba, na pale hapajengwi, ni shamba la alizeti. Kung'oa kisiki cha mkwaju mkubwa ni kazi ya siku mbili, kuchimba na kukata mizizi kwa shoka. Nani analipia hiyo kazi bure? Kwenye kazi yetu tunajua, mti ukikatwa kisiki kinabaki kama shahidi. Ukiking'oa na ukafukia shimo, mvua moja tu, hakuna anayejua kama hapo pamewahi kuwa na mti.

Labda ningekuwa mtu mwingine nisingewaza hivyo. Ila mwaka wangu wa kwanza kwenye hii kazi niliangusha mti wa mtu kwa sababu jirani yake aliniambia ni wake. Nilitubu mbele ya kanisa zima nikiwa na mtoto mgongoni. Tangu hapo nina utaratibu wangu: kabla sijawasha mashine yangu ya msumeno, lazima nimsikie kwa masikio yangu kila mtu mwenye shamba linalogusa huo mti. Kibali cha kukata naweza kukisoma vizuri tu, nimesoma masomo ya jioni mpaka nikamaliza, lakini kibali hakijui nani alikuwa jirani wa nani.

Jumatatu tukafika, mimi na mwenzangu wa kamba. Huyu ni baba mtu mzima, Mwislamu, tumefanya kazi pamoja miaka mingi; yeye anapanda kufunga kamba, mimi nakata. Alizeti ilikuwa imeshavunwa, mabua makavu yamesimama, upepo wa baridi unapiga. Mkwaju nao umesimama peke yake, mzuri, shina lake watu wawili hatulikumbatii. Upande wa pili wa mkwaju, hatua kama ishirini mbele, kuna mstari wa minyaa, ule mti wa maziwa tunaopanda kuwa ua na mpaka.

Mwenzangu akaangalia minyaa, akaniangalia. "Mama, hii minyaa ina umri gani?"

"Hata jino haijaota," nikasema.

Ilikuwa vijiti vilivyochomekwa juzi tu. Na mti wa umri ule, kwa huku kwetu, hauachwi katikati ya shamba la alizeti. Unaachwa mpakani.

Nikamuuliza mteja wetu, "Baba, huku ng'ambo ya minyaa ni kwa nani?"

"Kwa mama yangu mkubwa, mke wa marehemu baba mkubwa. Ameshazeeka, yuko Ikungi kwa binti yake, anaumwa miguu. Shamba lake namwangalizia mimi."

"Na kisiki unataka kitoke kwa nini?"

"Trekta ipite."

Mwenzangu akakohoa. Kwenye ua wa huyo baba tulikuwa tumepita muda si mrefu, tumeona jembe la ng'ombe na ng'ombe wenyewe.

Nikamwambia siwezi kukata mpaka nimsikie mama yake mkubwa. Hakukasirika. Na hiyo nayo haikunipendeza. Akatoa simu haraka, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. "Ongea naye mwenyewe, mama mlokole, roho yako itulie." Akapiga, akaweka sauti ya nje.

Nikasema, "Haloo."

Sauti ya mwanamke ikajibu, "Haloo, shikamoo mama."

Mwenzangu alikuwa anakunja kamba, mikono ikasimama. Halafu sauti ikakohoa, ikawa nzito. "Ee... marahaba, mwanangu. Huo mti kateni tu. Na kisiki."

Nikasema, "Asante," nikamrudishia simu yake. Nikaichukua mashine nikaipeleka kwenye guta letu la mizigo.

"Unaenda wapi?" akauliza.

Mwenzangu akaninong'oneza, "Sema mnyororo umekatika, tuondoke kwa amani."

"Sidanganyi," nikamwambia. Nikamgeukia yule baba. "Sikati. Mama yako mkubwa ana miaka mingapi?"

"Sabini na kitu."

"Ndiyo anipe mimi shikamoo?"

Akaangalia simu. "Mtandao unasumbua."

"Mtandao umesema shikamoo?" mwenzangu akauliza.

Hapo ndipo yule baba akapandisha hasira. "Ndiyo maana hizi kazi ni za wanaume. Mwanaume angekuwa ameshaangusha zamani."

Mwenzangu akarusha kamba kwenye guta. "Mimi mwanaume, na sijaangusha."

Tukaondoka. Lakini moyo haukutulia, kwa sababu wenye mashine sio mimi peke yangu. Wiki ile nzima, kila guta lililopita na magogo nilikuwa nalikagua kama limebeba mkwaju. Siku ya mnada nilikuwa napeleka fito Ikungi, nikauliza uliza mpaka nikafika kwa yule bibi.

Alikuwa amekaa juani, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akataka kujua mimi ni wa wapi, mtoto wa nani, nyumbani hawajambo, wazazi wako hai, alizeti imekubali mwaka huu. Jua lilisogea kabisa kabla sijafika kwenye mkwaju. Nikawa nawaza, yule wa kwenye simu hata nyumbani hakuniuliza.

Nilipotaja mkwaju, bibi akakunja miguu. "Wewe kazi yako ni nini?"

"Nakata miti, bibi."

"Unakata miti. Na umetoka huko kote kuja kuniuliza habari za mti wangu. Nani kakutuma?" Akamwita binti yake aje asikilize, asije akabaki na mimi peke yake. Nilieleza mara tatu. Alikuwa ananiangalia hivyo hivyo nilivyokuwa namwangalia mteja wangu, huyo mtoto wa shemeji yake.

Ila alikuja. Baada ya siku chache alishuka kwenye gari pale Iguguno na fimbo na binti yake, wakamchukua mwenyekiti wa kitongoji, na mimi nikaitwa. Mkwaju bado ulikuwa umesimama; nilimshukuru Mungu kwa sauti. Bibi alienda kwenye minyaa, akashika kijiti kimoja, akakivuta. Kikatoka chote. Kisha akapita mkwaju, akaingia kwenye mabua ya yule baba, akapapasa chini na fimbo mpaka ikagonga. Kisiki kinene cha mnyaa wa zamani, kimekatwa usawa wa ardhi. Hatua moja mbele, kingine. Vilienda mstari mpaka barabarani, ndio mpaka wenyewe wa zamani. Minyaa ile yule baba aliikata, visiki aliona vidogo, akaviacha.

Mwenyekiti akamgeukia yule baba, aliyekuwa ameshatufuata shambani, akamuuliza, "Hivi ni nini?" Baba akasema mbuzi walikula ua, na mbuzi gani anakula mnyaa, hakueleza.

Bibi akauegemea mkwaju kupumzisha miguu. Nikasogea nimpe pole. Akaninyooshea fimbo.

"Wewe mwenye mashine," akasema, "kaa kule kwanza."

Nikaenda nikakaa kule.