Vijiwe Nilivyomficha Mama Konsolata

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku kifuko cha nyongo cha Mama Konsolata kilipochanika kwenye meza ya upasuaji. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Nilikuwa muuguzi kijana, mzaliwa wa kijiji cha Murukulazo, na kwa kuwa Kihangaza chetu na Kirundi cha wakimbizi hao vinasikilizana, wagonjwa wa kambini niliwatafsiria mimi.

Daktari mgeni alikuja na kamera yake ya kuchungulia ndani ya mwili, akawa anatoa vifuko vya nyongo kwa matundu manne tu tumboni. Cha Mama Konsolata kilikuwa kimevimba, kikapasuka akikivuta. Nyongo ikamwagika, vijiwe vilivyojijenga ndani yake vikatawanyika tumboni. Hutokea, wala si uzembe. Tulisafisha kwa maji ya chumvi, tukaokota tulivyoviona. Mgonjwa alipozinduka, daktari aliniagiza nimweleze yote: huenda kijiwe kimebaki, na akipata homa au uvimbe, hata baada ya miezi, arudi aseme hivyo.

Nikamwambia amepona. Basi. Nyumbani kwetu mbuzi akichinjwa nyongo ikapasuka, nyama iliyoguswa hutupwa. Niliogopa atajiona ameharibika ndani. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Kusema kweli nilikuwa nimechoka, na uongo ulikuwa mfupi.

Akaenda kwa shangazi yake, kijiji cha Bisibo. Homa ikaanza. Alitibiwa malaria mara tatu, kisha kifua kikuu, maana hakuwa na la kumweleza daktari wa huko. Alirudi kwetu amekonda, ana jipu ubavuni. Lilipopasuliwa, vijiwe viwili vikatoka na usaha.

Nilimweleza mwenyewe nilichomficha. Alinitazama, hakupandisha sauti.

"Kwetu nilikimbia bila mtu kuniambia kinachokuja," alisema. "Hapa nilidhani nina wa kuniambia."

Aibu ile bado ninayo. Alipona, lakini kila aliposafishwa kidonda aliomba mkalimani mwingine, hata mhudumu mmoja mwenye Kirundi cha kuungaunga.

Wewe unaanza kazi wodini, mwanangu, kwa hiyo nakuambia wazi: habari ya mwili wa mgonjwa ni mali yake. Ukipewa umfikishie, usiipunguze kwa huruma wala kwa uchovu. Mweleze kilichotokea, mweleze dalili za kuangalia, kisha mwache aogope. Kaa naye hapo hapo. Mungu akupe ujasiri wa kusema yote, na kila atakayetoka mikononi mwako afike kwake akijua anachokibeba.