Kijiji Kilichopakwa Kijani

Kaveke, mama Musyimi, ni mhudumu wa afya ya jamii kwa mwaka wa kumi na saba sasa, na viumbe anaowaogopa ni wa aina moja tu: watu wenye kadi shingoni. Nyoka anawajua, kipindupindu anakijua. Lakini mtu akishuka kwenye gari jeupe, kadi ikining'inia kifuani, Kaveke husonya kwanza ndipo amsalimie. Wamekwisha kuja wa visima, wa mbuzi wa kisasa, wa majiko yasiyotoa moshi. Wote walipiga picha wakaenda zao. Yale majiko siku hizi kuku hutagia humo.

Kwa hiyo walipokuja wale wa mtandao, mwezi wa pili, jua likiwa kali, alisonya kama kawaida. Mkuu wao alikuwa injinia kijana aitwaye Ngure, amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe kwenye vumbi la Tseikuru, hebu fikiria! Akaeleza kwamba nchi nzima itawekewa mtandao mmoja wa waokoaji: wa ambulensi, wa zimamoto, polisi, na watu kama yeye Kaveke. Watapewa simu maalumu zenye picha, daktari aliye Kitui amwone mgonjwa aliye huku na kumwongoza anayemhudumia. Ila kabla ya kujenga minara lazima wapime, wajue wapi netiweki iko na wapi haiko.

Hapo Kaveke alisahau kusonya. Kijijini kwao netiweki inapatikana mahali pamoja tu, juu ya jabali refu nyuma ya shule, na hata hiyo si yao. Inamwagika kutoka ng'ambo ya mto Tana, kwa Watharaka. Kupanda ni nusu saa, kuteremka dakika ishirini. Miaka mitatu iliyopita Kanyiva, mke wa kaka yake, alijifungua nyumbani na damu ikakataa kusimama. Kaveke alipanda jabali mbio apige simu. Nesi akamwambia, "Msugue tumbo sasa hivi, usimwachilie." Tumbo lenyewe lilikuwa chini, dakika ishirini. Alipofika, watu walikuwa wameshavua kofia.

Tangu siku ile Kaveke anataka kitu kimoja tu duniani: simu na mgonjwa wakae mahali pamoja. Hataki picha, hataki semina. Mnara tu.

"Mwaitu," Ngure akamwita kwa adabu, maana alikuwa ameambiwa Wakamba humwita mama hivyo, "hapa kwenu netiweki inashika wapi?"

Na hapa ndipo mwanamke mwenye akili zake alipofanya ujinga ambao hadi leo ukimtajia anakutupia kikombe. Kwao mgeni hupewa kiti kizuri kuliko vyote nyumbani, hata kama ndicho pekee chenye miguu minne. Mgeni ameuliza netiweki. Utamwonyesha pale isipopatikana? Kaveke akajifunga leso, akawatangulia hadi juu ya jabali, akamsimamisha injinia hasa pale penye alama ya chokaa, waliyoichora wanakijiji simu zinaposhika, akamgeuza uso atazame Tharaka. Alikuwa na furaha, maskini! Kijana akatoa mashine yake, ikalia tii-tii, akatabasamu. Wakamshukuru, wakateremka, wakaondoka. Hakuna aliyepima penye nyumba. Jua lilikuwa kali, na kama nilivyosema, viatu vilikuwa vyeupe.

Mwezi wa tano aliitwa kwenye mkutano wa kuipitia mipango, yeye mwakilishi wa wananchi. Mkutano uko wapi? Makindu! Mambo ya Tseikuru yazungumzwe Makindu, kwa sababu watu wa Nairobi wakitoka huko ni barabara moja ya lami hadi mlango wa hoteli. Kaveke alisafiri siku mbili, akalala Kitui kwa binamu yake, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi. Mwenye kuongoza mkutano, bibie aitwaye Sandra, akampa kalamu tatu za rangi na kikaratasi cha kubandika. "Hapa hakuna jibu baya," akasema. Kaveke akamwangalia. Miaka kumi na saba anaona majibu mabaya yakizikwa.

Kisha ramani ikawashwa ukutani. Kitui yote na Makueni yote, nyekundu hapa, kijani pale. Kaveke akatafuta mto Tana, akaufuata kwa macho, akafika kwao. Kijani. Kijani kibichi kabisa, ungedhani ni bustani ya sukumawiki.

Akasimama bila kuinua mkono. "Hiyo kijani maana yake ni nini?"

"Ni mahali tayari pana mtandao, mwaitu," Ngure akajibu. "Tutaanza kujenga penye nyekundu."

"Na sisi tulipakwa na nani?"

Ngure akabonyeza kompyuta yake. "Kipimo kipo. Ni cha nguvu sana, nilipima mimi mwenyewe. Si ulikuwepo?"

"Ulipimia juu ya jiwe!"

"Lakini jiwe liko ndani ya kijiji?"

"Liko. Hata mawingu yako ndani ya kijiji. Mgonjwa nimpelekee huko?"

Dereva mmoja wa ambulensi kutoka Kilungu akaangua kicheko hadi chai ikamtoka puani. Ngure hakucheka; alikuwa amekunja uso, anasoma tarakimu zake. Naye Sandra akatabasamu, akasema huo ni mchango mzuri sana, uandikwe kwenye kikaratasi cha njano ubandikwe ukuta ule wa mlangoni, wa mambo ya kuzungumzwa baadaye. Ukuta ule! Kila aliyekwenda chooni alivipitia vikaratasi na kuviangusha kwa bega.

Kaveke hakuandika kitu. "Kijana," akamwambia Ngure mbele ya watu wote, "ramani hii mnaipeleka lini?"

"Ijumaa jioni."

"Basi Ijumaa saa nne asubuhi nipigie. Nitakuwa mlangoni kwangu, si juu ya jiwe. Nikishika simu, wacha kijani yako. Nisiposhika, uifute."

Ngure akakubali. Kaveke akatoka bila kugusa nyama yao, akaenda kula dengu na chapati kwa Makalasinga, wale Wahindi wa vilemba, kwenye lile hekalu lao ambapo msafiri hulishwa bila kuulizwa fomu. Kabla ya kula akaombea chakula kwa Kikamba, macho yamefumbwa, hasira yote ndani.

Ijumaa ilipofika, alitoa kigoda mlangoni mapema. Chai kando, simu pajani, haina hata alama moja ya netiweki. Raha iliyoje! Alishaanza kuiona sura ya injinia akipiga na kupiga akiambiwa na ile sauti ya mwanamke kwamba mteja hapatikani.

Saa tatu na nusu haijafika vizuri, mayowe yakasikika kwa jirani. Mbula, mke mdogo wa kule, alikuwa akivuta kuni kwenye rundo. Nyoka bafe akamuuma juu ya kifundo cha mguu. Kaveke akakimbia. Akamlaza, akauwekea mguu ubao, akamkataza kujitikisa. Mguu ulikuwa umeanza kujaa. Wanaume wote walikuwa wameenda na ng'ombe mtoni. Pale nyumbani alikuwapo Ndinda tu, mama mkwe wake Mbula, magoti mabovu, na mkononi alikuwa ameshika wembe.

"Tukate, sumu itoke," Ndinda akasema.

"Mama, usikate! Ukimkata unamuua mwenyewe. Niahidi."

Ndinda akaufuta wembe kwenye kanga yake. Mtu akifanya hivyo ujue ameshaamua. Na Kaveke alikuwa na njia gani? Akikaa, ambulensi haitakuja. Akienda, wembe unabaki na mgonjwa, na hata akiunyakua, nyumba haikosi kisu. Akautukana mtandao, akaitukana kijani, akakaza leso, akapanda.

Alifika juu anahema, mate yamekauka. Kabla hajabonyeza kitu, simu ikalia mkononi. Saa nne kamili. Injinia! Mtu wa kutimiza ahadi, loo!

"Mwaitu Kaveke! Umeshika!" Sauti ya Ngure ilikuwa na furaha. "Si nilikuambia? Sasa unaona..."

"Nyamaza unisikilize!" Hakuwahi kumpigia mgeni kelele namna ile. "Niko juu ya jiwe. Kuna mtu ameumwa na bafe. Chukua simu ya mwenzako, mpigie Mutunga, dereva wa ambulensi ya Tseikuru." Akamtajia namba aliyoikariri, mara mbili. "Mwambie kwa Ndinda, nyuma ya shule. Halafu nitafutie nesi, uniambie anachosema. Usikate laini. Mimi nateremka kwa mgonjwa na wewe sikioni."

Akamsikia akipiga kelele huko, viti vikisukumwa. Kaveke akateremka, simu sikioni, mkono mwingine ukishika miti. Hatua thelathini. Hamsini.

"Mutunga anakuja!" Ngure akasema. "Nesi yuko kwa laini ya pili. Anasema jambo la kwanza kabisa..."

Kisha kimya. Kaveke hakusimama kuitazama simu. Alijua vizuri mahali pale. Ni penye mgunga uliovunjika, na pale kila simu hufa.

Alimkuta Ndinda amepiga magoti, wembe uko juu ya ngozi, Mbula analia kwa sauti ndogo. Kaveke aliushika ule wembe kwa makali yake. Kovu analo kiganjani hadi leo. Ambulensi ilifika baada ya saa nzima, Kaveke akapanda nyuma, simu ameisahau uani kwa Ndinda, akakishika kichwa cha Mbula hadi hospitali.

Kesho yake asubuhi alirudi, mkono umefungwa bendeji, akaichukua simu kwa Ndinda, akapanda jabali kuwajulisha wa nyumbani kwao Mbula. Kwenye alama ya chokaa simu ikaanza kutetemeka, haikomi. Ngure alikuwa amempigia mara kumi na tisa, na chini yake jumbe. Wa kwanza ulitumwa saa nne na dakika nane: "Mama, nesi anasema msikate." Wa pili: "Tafadhali msikate mguu." Wa tatu: "Mama, uko hapo?" Na wa mwisho, wa saa kumi na mbili jioni: "Nimewapaka nyekundu. Mnara wenu utakuwa wa kwanza kwenye orodha. Naomba tu uniambie kama yuko hai."

Kaveke akakaa juu ya jiwe. Akaandika polepole, kwa kidole gumba cha mkono usiouma:

"Yuko hai. Ujumbe wako wa kusema tusikate nimeusoma leo."