Mstari wa Kwanza wa Bi Kinu

Zamani ukiacha pengo kwenye dodoso la serikali, mtu alikuja akavua viatu mlangoni pako. Siku hizi hupiga simu sauti isiyo na koo, na ukikohoa inakuambia urudie jibu.

Mtu wetu alikuwa Hatsue Minobe. Kiwanda cha hariri alichofanyia kazi kilipofungwa, naye ni mwanamke wa makamo asiye na mume wala mtoto, ofisi ya wilaya ilimpa kazi ya kufuatilia madodoso yaliyorudi kwa posta yakiwa na mapengo. Alipanda bonde letu kwa baiskeli, na mkobani alibeba soksi safi za kuvaa kizingitini, asije akachafua mikeka ya watu. Nani leo ana adabu hiyo?

Vuli ile alikuja kwa jirani yangu Bi Kinu, mjane. Nilikuwepo, nimepeleka figili. Bi Kinu alikuwa amejiandika mstari wa pili, wa kwanza akauacha mtupu. Mstari wa kwanza ni wa mkuu wa kaya, na kwake mkuu wa kaya ni mwanamume. Mumewe alikuwa kaburini; mwanawe Yasuo alikuwa mjini Nagoya, miaka haonekani. Akirudi, alisema, ataandika mwenyewe.

Hatsue hakubishana. Alikunywa chai, akala figili za chumvi, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi, na baadaye tena. Bi Kinu alizoea kumtania akisikia kengele ya baiskeli.

"Wewe tena? Serikali haina kazi nyingine?"

"Inayo, bibi, lakini huko chai yao ni maji ya kuoshea vikombe."

Nami nikasemwa kwamba figili naleta mimi na kuzimaliza ni mimi. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu msiba.

Kisha ofisi ikachoka. Hatsue alikuja na agizo: Bi Kinu asipojaza, aulizwe jirani, na jibu la jirani ndilo litakaloandikwa. Alinitazama, akainamisha kichwa. Nikasema mimi sijui lolote.

Bi Kinu aliinuka akaliepua birika lililokuwa likilia.

"Yasuo harudi, sivyo?"

"Sijui, bibi. Mimi naulizwa nani analala hapa."

"Nikijaza, utakuja tena?"

"Nyumba iliyokamilika hatutumwi."

Na kwetu mtu haingii nyumba ya watu bila shughuli.

"Lete kalamu," akasema Bi Kinu. "Nyumba yangu haitajazwa na jirani."

Akajifuta mstari wa pili, akajiandika wa kwanza, taratibu kama anayechonga. Mstari wa pili ukabaki mtupu, na huo hakuna anayeuulizia.

Mlangoni Hatsue alivua zile soksi safi, akazikunja, akainama chini sana. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anashuka bondeni akiikokota baiskeli, ingawa njia yote ni mteremko.