Darubini ya Ishirini Mara Hamsini

Mimi ni mtu wa soko. Chumvi iliyochanganywa na mchanga naijua kwa kuigusa tu, na mtu anayetaka kunipunja namjua kabla hajafungua kinywa. Lakini darubini ilinishinda, na mpaka leo nikifikiria jinsi nilivyoichagua nachanganyikiwa upya.

Hapa Kabuta, kando ya ziwa, kila mama anayenunua samaki ana mtumbwi wake. Siyo kwamba anaumiliki. Ana ahadi nao tu. Asubuhi, mitumbwi ya chisense, wale dagaa wa ziwa letu, inaporudi, unaingia majini hadi magotini, unafungua chitenge ulichofunga juu ya sketi, unakipunga. Mwenye mtumbwi akikiona anageuza pua ya mtumbwi kuja kwako. Tangu hapo samaki ni wako, wawe wengi, wawe wachache. Ukipunga, umesema. Huwezi kudai baadaye kwamba ulikuwa unafukuza nzi.

Mtumbwi wangu ni wa baba mmoja wa Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, Mkongo kama mimi. Tulianza kufanya kazi pamoja wakati mtoto wangu wa mwisho bado ananyonya, na sasa mtoto huyo ana ndevu. Hatukuwahi kugombana. Kisha macho yangu yakaanza kuniacha. Ya karibu nilikuwa nayaona. Ya mbali yaligeuka ukungu, na kila mtumbwi ukawa doa jeusi lililofanana na mwenzake. Hospitali walinipa miwani ya kusomea, nami sisomi kitu zaidi ya Biblia.

Sikumwambia mtu. Nani atamwamini mnunuzi kipofu? Nikawa napunga kwa kubahatisha. Mara mbili nilipungia mitumbwi ya watu wengine, nikachukua samaki wao kwa sababu ndiyo desturi, huku wangu ukipita mbele yangu kwenda gati jingine. Wenzangu walicheka, wakasema nimeanza kuwa na mabwana wengi. Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa naogopa, kwa sababu nikiupoteza mtumbwi ule, kwa umri wangu, hakuna mwingine atakayegeuza pua kwa ajili yangu.

Ndipo nikaenda Nchelenge mjini kwa kijana mmoja Mkongo anayeuza redio, tochi na vitu vilivyotumika. Nilimwomba darubini, ambayo sisi tunaiita jimeli. Akaniwekea mbili mezani. Moja mpya, nyeusi, inang'aa, imeandikwa 20x50. Nyingine nzito, ngozi imechubuka, imeandikwa 8x40.

"Mama, hii ya mupya njo ya nguvu," alisema. "Utaona mupaka Kilwa."

"Na ile ingine?"

"Ile ni ya zamani, ilitoka Lubumbashi. Ni muzuri pia."

Nikazitazama zile namba. Katikati kulikuwa na alama ya kuzidisha, nami kuzidisha najua. Ishirini mara hamsini, elfu moja. Nane mara arobaini, mia tatu na ishirini. Nani anaacha elfu moja anachukua mia tatu? Nikaichukua ya elfu moja, tena nikajiona mjanja, kwa sababu bei hazikuachana sana. Nilijaribu kutazama ukuta wa duka, nikaona giza na kope zangu mwenyewe. Nikafikiri labda ndivyo inavyokuwa kwa karibu, kwa kuwa chombo ni cha mbali.

Asubuhi iliyofuata nilisimama majini nayo. Mungu anisamehe, nilitukana. Niliona maji. Nikaona maji mengine. Nikaona ndege juu ya kijiti cha wavu, mkubwa sana, kisha akatoweka na sikumpata tena. Kila kitu kilitetemeka kana kwamba ziwa lote limeshikwa na homa, kumbe ni mikono yangu. Nikipata mtumbwi, unaruka. Nikiutafuta tena, naona mbingu. Na jambo jingine sikuwa nimelifikiria kabisa: darubini inashikwa kwa mikono miwili. Sasa chitenge nakipunga kwa nini, kwa meno?

Siku hiyo sikupunga. Sikununua kitu.

Nikarudi mjini nimevimba kwa hasira. Kijana aliisikiliza hasira yangu yote, kisha akasema, "Miye kwangu nyumbani natumikiaka ile ya nane."

"Sasa juu ya nini haukuniambia?"

"Mama, haukuniuliza. Nilikuona unahesabia, nikasema mama anajua."

Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona aibu kuuliza. Akanieleza polepole. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu, na kikisogezwa sana, hata mtetemo wa mkono unasogezwa nacho. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele, mlango wa mwanga. "Hauzidishe, mama," alisema, na hakucheka, jambo ambalo nilimshukuru. Akanitoa nje, akanikunjia ile kuukuu mpaka duara mbili zikawa moja. Akanionyesha gurudumu la katikati, na pete ndogo ya jicho la kulia, kwa sababu macho ya mtu hayalingani. Akaniambia nibane viwiko kifuani. Ng'ambo ya barabara nikaona mwanamke anamenya muhogo. Niliona mpaka mpini wa kisu chake. Nilisimama pale muda mrefu, watu wakanizunguka kwa baiskeli zao.

Nilibadilisha. Nikaifunga shingoni kwa kamba, mikono ikawa huru.

Kesho yake niliuona mtumbwi wangu ungali mbali, nikamwona na yule baba amesimama nyuma. Nikaachia darubini, nikapunga kwa nguvu zote. Nikainua tena. Alikuwa ananitazama. Sikukosea, uso wake ulikuwa kwangu, na mimi nilikuwa naona hata jinsi alivyokunja kipaji cha uso. Kisha akamwambia kitu mpiga kasia, na mtumbwi ukageuka kwenda gati jingine.

Sikuelewa. Nilifikiri labda kioo kinadanganya. Nikamfuata kwa miguu, sketi inadondosha maji, nikamkuta anashusha chisense kwenye beseni la mama mmoja Mbemba aliyehamia kutoka Puta.

"Papa, haukuniona?"

"Tunakuonaka, mama. Kila siku tunakuonaka."

"Sasa juu ya nini unanipita?"

Aliweka beseni chini. "Ulipungia bantu bengine mbele ya macho yetu. Mara mbili. Nikasema, mama alitutupa."

"Papa, sikuwa naona. Macho yangu inakufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Akaitazama darubini kifuani pangu, akanitazama mimi. "Ungesema, mama. Tungekuwa tunakuita na sauti." Kisha akasema taratibu kwamba huyu mama wa Puta amempungia, naye amegeuka, na desturi naijua. Naijua kweli. Nilimwambia hakuna neno, nikaondoka haraka kabla sijalia mbele ya wanunuzi.

Naendelea kwenda ziwani, sijui kwa nini. Labda kwa mazoea. Juzi yule mama wa Puta alinijia, amefunika macho kwa kiganja, jua limempiga usoni, akaniita mama kwa Kibemba chake.

"Bamayo, weye uko na jimeli. Ile inakuya, ni yangu?"

Nikainua, nikabana viwiko. Ulikuwa wenyewe, na nyuma yake ulikuja mwingine wa umbo lile lile. Ningeweza kumwonyesha huo wa pili. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka akaniuliza mara ya pili. Nikamwambia ni ule wa kwanza, apunge.